Uso wa Kuombea Kura

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kabla hujauliza: mimi mzima, mume wangu mzima na bado anakoroma, mpwa wako amefaulu hesabu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na paka amekufa. Mama je? Goti linakunjika? Mwambie zile dawa ni za kumeza, si za kuweka chini ya mto. Namjua mama yangu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatizana. Mara ya mwisho tuliongea dakika nne, na tatu kati ya hizo ulikuwa unakohoa makusudi. Barua huwezi kuikata, ukianza lazima umalize.

Habari yenyewe ni hii: nagombea udiwani. Cheka umalize, halafu urudi hapa.

Umemaliza? Haya. Miaka ishirini na mbili mimi ni mkunga katika kata hii. Hawa wanaopiga kura mwaka huu kwa mara ya kwanza, wengi wao nimewapokea kwa mikono yangu na nikawachapa matako ili walie. Leo wanasimama pale kaunta ya zahanati wananiuliza, "Lakini Sista, wewe hasa asili yako ni wapi?" Nimewatoa matumboni mwa mama zao, wao wananiuliza nimetoka wapi. Mtaani naitwa Pointi Faivu, yaani nusu Mzungu, na siku hizi hawasubiri hata nipite.

Ninayeshindana naye ni Mwenye Mashine, yule anayesaga nafaka karibu na stendi. Huu ni mwaka wake wa tano hapa. Mimi wa ishirini na mbili ni mgeni, yeye wa mitano ni mtoto wa nyumbani, kwa sababu ngozi yake haiwapi watu maswali.

Shemeji yangu, yule mwalimu wa udereva, ndiye meneja wangu wa kampeni. Anasema watu hawasomi sera, wanaangalia sura. Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, unichapie mabango hapo kiwandani kwenu. La pili, uje mwezi wa saba, upande jukwaani nami siku ya mkutano mkubwa, watu wakuone. Sitakuzungusha: nautaka uso wako. Nikiwa peke yangu mimi ni mtoto wa Mzungu aliyejenga daraja akaondoka. Nikiwa na wewe, mtoto wa tumbo moja nami, mweusi kama ulivyo, nina kwetu.

Nijibu upesi.

Mdogo wako


16 Machi

Mheshimiwa Mtarajiwa,

Marahaba. Pole kwa paka. Mama hajambo, goti linakunjika ila kunyooka ndiyo kazi. Dawa nilizikuta chini ya mto, kama ulivyosema, tisa. Nilipomuuliza akasema anazisubirisha mpaka ugonjwa uwe mkubwa.

Nilimsomea barua yako. Akauliza kama udiwani unalipwa au ni wa kujitolea. Nikamwambia kuna posho. Akasema basi mwambie asivae zile hereni ndefu, zinamfanya aonekane ana haraka.

Mabango nitachapa. Tuna mashine mbili hapa, moja imenizidi umri na nyingine imenizidi ukorofi, na kwa sasa zinachapa kadi za harusi tu. Leta picha yako nzuri, ile isiyo na mume wako pembeni. Mzigo nitautuma kwa basi, na barua nitakuwa naipachika humo humo.

Kuhusu kuja, nina jino la mbele limeng'oka. Mtu asiye na jino la mbele akipanda jukwaani watu wanadhani kapigwa. Tena mimi si cheti cha kuzaliwa cha kubandikwa ukutani. Tafuta njia nyingine.

Msalimie shemeji na mpwa wangu. Mwambie hesabu zinarithiwa kwa mjomba.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Tumzike paka mara ya pili, maana Shemeji ameleta mwingine, na huyu anauma. Mpwa wako anasema kama hesabu zinarithiwa kwa mjomba basi ndiyo sababu alikuwa anafeli.

Jino si tatizo, utafumba mdomo. Hujawahi, lakini jaribu.

Sasa nisikilize, na usinitukane mpaka mwisho. Kata yangu ina mitaa miwili. Mtaa wa Juu kuna nyumba za ukuta, watu wa ofisini, maduka ya vioo. Mtaa wa Chini kuna soko, gereji na mafundi. Shemeji amekaa na kalamu yake nyekundu, akachora mstari katikati, akasema watu wa Juu wanapenda mgombea mweupe kwa sababu anaonekana amesoma, na wa Chini wanataka mtu wa rangi yao. Kwa hiyo anaomba utuchapie mabango ya namna mbili. Ya Juu niwe mweupe kidogo zaidi. Ya Chini, akasema, nikolezwe. Alivyotamka ungedhani anazungumzia chai.

Nilimwambia ni upuuzi. Halafu nikawaza nina mabango yangu mia nne, na Mwenye Mashine anatembea tu barabarani na watu wanamwona wa kwao bila bango hata moja. Nikakubali. Najua unavyonitazama sasa hivi.

Zahanati haina maji tangu Januari. Juzi nimezalisha mapacha kwa ndoo mbili, moja ikiwa ya kuazima. Nikipata kiti kile, jambo la kwanza ni bomba. Nakukumbusha hili ili ujue si hereni tu ninazotaka kuonyesha.

Na jukwaani utakuja. Mwezi wa saba, tarehe kumi na nne.

Mdogo wako


22 Aprili

Bibi Diwani wa rangi zote,

Marahaba. Mama anakusalimu. Anamtaka huyo paka anayeuma, anasema hapa kuna wageni wengi.

Nimekutengeneza wawili, kama alivyoagiza mwalimu wa udereva. Nikueleze jambo ambalo hukuwahi kuniuliza katika miaka yote niliyoshika kazi hii. Mashine ina makopo manne ya wino: njano, nyekundu, bluu na nyeusi. Kila uso niliowahi kuchapa, wa bwana harusi, wa marehemu, wa waziri, umetoka kwenye makopo hayo hayo. Wewe na mimi tofauti yetu ni vijiko vichache vya kopo moja. Nilimwambia Mama, akasema angejua ni rahisi hivyo asingejisumbua na Mzungu wa daraja.

Sasa soma hapa vizuri. Mabango yaliyokolea yana wino mwingi, hayakauki upesi, na yakilaliana yanagandana. Sikutaka kupoteza karatasi za kuyatenganisha, kwa hiyo nimeyapanga moja lililokolea, moja jeupe, moja lililokolea, moja jeupe, hivyo hivyo hadi chini. Kabla hamjabandika, yachambueni mafungu mawili. Mwambie Shemeji. Mwambie mara mbili, ni mwalimu, hawasikii.

Na usinione mimi mtakatifu. Mbunge wetu hapa nimempa kura mara tatu. Barabara yetu ina mashimo ambayo mtu anaweza kufugia bata. Unajua kwa nini nampa? Aliwahi kuja kiwandani akanisalimia kwa lugha ya nyumbani kwa babangu. Neno moja tu, na alilitamka vibaya. Nilifurahi wiki nzima.

Mwezi wa saba tunachapa mitihani. Tunafungiwa ndani, hata simu tunanyang'anywa. Sitaweza.

Kaka yako


17 Mei

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima isipokuwa jina langu.

Nilikuwa kwenye semina ya wakunga, siku nane. Mzigo wako ulifika nikiwa huko. Shemeji aliupokea stendi, na barua yako akaitia kwenye dashibodi ya gari la mafunzo kwa sababu imeandikwa jina langu na yeye ni mtu mwenye adabu. Ndani ya gari hilo, wanafunzi wake wanane waliiegemea wakijifunza kurudi nyuma. Mabango akayagawa kama yalivyokuja. Vijana wa kampeni wakaanza kubandika kuanzia stendi, moja baada ya jingine, kwa mpangilio ule ule uliouweka wewe.

Niliposhuka kwenye basi nikajiona. Mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, ukuta mzima wa stendi, halafu nguzo kwa nguzo, mpaka geti la zahanati. Ukitembea kwa haraka nilikuwa nawaka na kuzimika. Fundi viatu pale kona, mteja wangu wa watoto watano, akaniuliza kwa upole kama ninaumwa.

Pointi Faivu limekufa. Sasa naitwa Pundamilia.

Lakini ngoja nikuchekeshe, maana usiku wa jana mume wangu alicheka mpaka akateguka shingo. Mawazo ya Shemeji yote yamepinduka. Kule sokoni akina mama wamempenda yule mweupe. Mmoja kaniambia wazi, "Huyu anaonekana ameshashiba, hatatuibia. Yule mweusi ataanza na njaa yake." Mtaa wa Juu, mwalimu mkuu mstaafu kamchagua yule aliyekolea, anasema anaonekana mchapakazi na atawajua wafanyakazi wa ndani. Wamenijadili mbele yangu, kaka. Ni mimi yule yule, hata hereni ni zile zile. Wapo wanaoamini tuko wawili, pacha, na wameuliza nani kati yetu ndiye anayegombea.

Mwenye Mashine naye kapata la kusema kila mkutano: mtu asiyejua rangi yake ataijuaje barabara yenu.

Nimecheka nimemaliza. Sasa naogopa. Imebaki miezi mitatu na watu wanaliona jina langu kama kichekesho. Kitu kimoja tu kitanyamazisha haya maneno, na ni wewe kusimama pale. Mitihani mnachapa mwezi wa sita, nimemuuliza mke wa bosi wako. Jino unaweza kuweka la bandia. Nijibu kwa neno moja, unakuja au huji?

Mdogo wako


30 Mei

Dada,

Marahaba. Mama hajambo.

Siji.

Ukihitaji mtu mweusi wa kusimama naye, mtafute yule mtu wa kazi aliyekuletea godoro shuleni. Alikuwa mweusi wa kutosha.

Kaka yako


24 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Nilikuwa naibeba kwenye mfuko wa koti la kazi, na kila nikinawa mikono naigusa kwa kiwiko.

Kwa hiyo ulisikia. Miaka yote hii nimekuwa nikijidanganya kwamba hukusikia, ingawa ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Acha niliseme lote, maana hatujawahi kulisema na naona tungezikwa nalo.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, muhula wangu wa kwanza bweni. Wewe ulikuwa na ishirini. Siku ya kutembelewa ukaja na godoro kichwani, kutoka kituo cha basi mpaka shuleni, jua likiwa katikati. Nilikuwa nimesimama na wale wasichana wawili wa bweni la mbele, ambao walikuwa wameamua mimi ni mtoto wa watu wenye uwezo kwa sababu ya nywele zangu, na mimi sikuwa nimewakatalia. Mmoja akauliza, "Huyo ni nani?" Nikasema, "Mtu wa kazi wa nyumbani."

Wewe ukaliweka godoro chini. Ukasema, "Mama anakusalimu, dada. Amesema usome kwa bidii." Ukaniita dada mimi, mdogo wako. Ukakaa saa mbili nje ya geti ukisubiri basi, na mimi nikakaa ndani nikila ulivyoniletea.

Sikuonea aibu nguo zako wala umaskini wetu. Nilionea aibu weusi wako, kwa sababu ungewaonyesha mimi ni nani. Hilo ndilo lililokuwa, na sitalipamba. Nisamehe. Ningepaswa kuliandika hili kabla ya lile la mabango, na kabla ya kila kitu.

Na kwa kuwa leo nimeamua kusema kweli, pokea na hii. Shemeji amepata kaka wa kukodi. Ni muuza vipuri vya baiskeli kutoka kata ya pili, mweusi tii, ana meno yote, na anajua kucheka kwa wakati. Atapanda nami jukwaani tarehe kumi na nne kama ndugu yangu wa tumbo moja. Sijakubali, lakini sijakataa pia. Juzi mama mmoja alivuja damu na nikamtuma mumewe akachote maji mtaa wa tatu. Nataka kushinda. Nataka sana, mpaka najiogopa.

Msalimie Mama. Usimsomee hii.

Mdogo wako


17 Julai

Kaka,

Shikamoo. Hujajibu, na sikulaumu. Nakuandikia tu ili usije ukasikia kwa watu wa basi.

Tarehe kumi na nne uwanja ulijaa. Muuza vipuri alivaa shati la mume wangu. Shemeji akashika kipaza sauti akatangaza, "Na sasa damu yake, kaka yake wa tumbo moja." Akapanda. Watu wakapiga makofi, na hayakuwa ya adabu, walimaanisha. Mwanamke mmoja mstari wa mbele, niliyemzalisha mara tatu, akamgeukia mwenzake akasema, "Kumbe ni wa kwetu." Kazi ambayo sikuiweza kwa miaka ishirini na mbili, muuza vipuri aliimaliza kwa nusu dakika, na alikuwa bado hajafungua mdomo.

Nikaona nimeshinda. Nakuapia nililiona bomba la maji, na koki yake.

Halafu akafungua mdomo. Akanishika bega akasema, "Huyu mdogo wangu nilimbeba mgongoni." Hakuna aliyemfundisha, alijitungia tu, yule bwana ana kipaji. Lakini wewe ndiye uliyenibeba. Mama alipokuwa anashinda kwenye kazi za watu, ulinibeba mpaka ukachelewa kuanza shule mwaka mzima.

Nikamwomba kipaza sauti. Nikasema: huyu bwana anauza vipuri, ni mtu mwema, nendeni kwake mkanunue minyororo. Si kaka yangu. Ninaye kaka, ni mweusi kuliko huyu, na hayupo hapa kwa sababu nilimkana mbele ya rafiki zangu nikiwa na miaka kumi na minne, kwa rangi hiyo hiyo ambayo nyinyi mmeipigia makofi sasa hivi.

Shemeji alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha sauti moja nyuma ikauliza, "Sasa Sista, na maji ya zahanati je?" Nikaongea habari ya maji robo saa. Nusu yao walikuwa wameshaondoka, na waliobaki sijui walibaki kwa ajili ya maji au kwa ajili ya kunishangaa.

Mwenye Mashine hakulala. Kesho yake gari lake lilikuwa linapita na kipaza sauti: aliyemkana kaka ataikana kata.

Sikwambii haya ili uje. Mkutano umeshapita.

Mdogo wako


6 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba.

Zote mbili zilifika. Ile ya mwezi wa sita niliisoma kiwandani, nikaharibu kadi mia mbili za harusi, bwana harusi akatoka kijani.

Ulinikataza nisimsomee Mama, nikamsomea. Hakuwa anajua. Siku ile niliporudi nilimwambia tu kwamba umefurahi. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo godoro lilifika kavu?" Nikamwambia lilifika kavu. Akasema kila mvua ikinyesha alikuwa akijiuliza. Halafu akalia, na mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku, na unajua hatufugi kuku.

Sasa nami niseme langu, nisiwe mwoga peke yangu. Lile neno la shuleni nililimeza siku ile ile. Ulikuwa mtoto, na mimi nilijua dunia inavyopanga watu, nilishapangwa. Kilichonichoma ni barua yako ya mwezi wa tatu. Uliandika, "nautaka uso wako." Mara ya kwanza uliuficha uso huu, mara ya pili ukauagiza kama mabango. Katika zote mbili hakuna aliyeniuliza mimi naendeleaje. Umeuliza goti la Mama. Goti la Mama lina bahati.

Nilifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto mwezi wa pili. Sikukuambia, na wewe hukuuliza, na nikakutega hivyo miezi sita nione utauliza lini. Huo nao ni utoto, nina miaka arobaini na tisa.

Ulichosema jukwaani kimenifikia kabla ya barua yako. Dereva wa basi alikihadithia kaunta ya mizigo bila kujua mimi ni nani. Alisema, "Yule mama ama ni mwehu, ama ndiye mtu pekee mkweli kata nzima." Nikachukua mzigo wangu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa najisikia kama mtu aliyevalishwa nguo mpya.

Nenda kapigane. Mchape.

Kaka yako


27 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nauliza wewe. Jicho linaona vizuri au unabahatisha? Daktari alisema nini, na nani alikuwa anakutia dawa? Kwa nini hukuniambia, mimi mwenye koti jeupe katika familia nzima? Nataka majibu ya maswali hayo yote, moja moja.

Nimeshindwa. Kwa kura sitini na tatu.

Shemeji amepiga hesabu na kalamu yake nyekundu, anasema ningemwacha muuza vipuri amalize sentensi ningeshinda kwa mia mbili. Sijui amezipata wapi, lakini siwezi kumbishia. Mtaa wa Juu walinipa kura chache kwa sababu nilikiri kuwa wa chini. Mtaa wa Chini wengine walininyima kwa sababu nilikiri kuwa niliwahi kujiona wa juu. Walionipa ni akina mama wa maji, na fundi viatu, na muuza vipuri mwenyewe, ambaye amehamishia kura yake huku kwa njia ambazo sitaki kuzijua.

Nimelia chooni zahanati, pale ambapo bado hakuna maji, kwa hiyo hata uso sikunawa. Nimetoka hivyo hivyo nikazalisha. Msichana, kilo tatu na robo. Mama yake aliniuliza kama kweli nina kaka. Nikasema ninaye. Akaniuliza yukoje. Nikaanza kusema mweusi, nikasita, kwa sababu hilo ndilo kila mtu amelisikia. Nikamwambia ni mpiga chapa, ana maneno makali, na anajifanya kukohoa kwenye simu.

Kaka, sina jukwaa sasa. Sina mkutano, sina mpiga picha, na vijana wa kampeni wamebandua mabango kwa ukucha. Ukija hakuna kitakachopatikana kwa kuja kwako. Hata kiti cha diwani kina mtu tayari.

Njoo.

Mdogo wako


4 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Jicho linaona. Dawa alikuwa ananitia Mama, nusu ziliingia sikioni. Mengine nitakujibu tukionana.

Nimepata siku nne. Mama anakuja nami, goti na yeye. Tutashuka stendi Jumamosi saa nane mchana, sokoni kukiwa kumefurika. Usimtume Shemeji na gari lake, wala usitusubiri nyumbani. Njoo utupokee wewe, kwa miguu, na tupite pale pale katikati ya watu mpaka kwako.

Kaka yako